Msichana wa Pili Garini

Mimi sipendi kumsema mtoto wa mtu, lakini Wahida nitamsema. Mama yake akisikia, na asikie. Mlango wangu anaujua.

Tulikuwa tukikaa jengo moja mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Mimi chini, akina Nusra juu yangu, akina Wahida juu kabisa. Wazee wetu sote walitoka Unguja baada ya mapinduzi, sisi tukazaliwa huku, na ukipanda ngazi zile ulikuwa unasikia Kiswahili mpaka darini. Wasichana wale wawili walikua pamoja, wakila sahani moja. Nusra alikuwa mkimya, mtu wa vitabu. Wahida alikuwa mcheshi na ana maneno matamu, akikutaka kitu hulipati kichwani neno la kumkatalia. Hata mimi alikuwa akinipata, na mimi si mtu wa kupatikana upesi.

Nusra alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani. Bibi yake alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, akapewa mguu wa bandia uliokuwa ukimchubua mpaka akauacha nyuma ya mlango. Nusra tangu mdogo alikuwa akiutoa pale, akiugeuzageuza, akiuliza kwa nini hapa unabana na hapa unapwaya. Wenzake wakicheza, yeye yuko na mguu wa bibi. Alitaka kusomea kazi hiyo, kuwatengenezea watu viungo vinavyowakaa.

Mwaka 2013, walipokuwa mwaka wa pili wa sekondari, mwalimu wao akawaambia waanze kuchagua vyuo. Aliwaambia wasimletee ndoto. Watazame alama zao, watazame mkoa wao, na kabla ya yote watazame nani atawapeleka na nani atawarudisha. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa. Miaka ile mwanamke hakuwa akiendesha gari, kwa hiyo chuo cha msichana kilipimwa kwa dereva kwanza, masomo yakafuata nyuma.

Baba yake Nusra alikuwa na duka la samani na dereva wake, Mkenya mmoja jina lake Nahashon, mtu mpole anayeendesha kama amebeba mayai. Dereva alikuwepo basi, lakini sharti nalo lilikuwepo. Baba alisema binti yake hakai garini peke yake na mwanamume asiye ndugu yake, awe mpole awe mkali. Lazima wawe wasichana wawili. Nyumba nyingi za watu wetu zilikuwa hivyo, na baba yake Wahida alikuwa na sharti hilohilo, isipokuwa yeye hakuwa na gari wala dereva.

Masomo ya Nusra yalikuwa Riyadh. Na Riyadh alikuwa na shangazi yake, ambaye mumewe anauza vitambaa Al-Dirah. Binti yao alikuwa akisoma chuo hichohicho, na baba yake ndiye akimpeleka kila asubuhi. Chumba kipo, gari lipo, alama zipo, na baba yake Nusra keshasema sawa. Mwalimu aliyekataa ndoto hakuwa na la kusema hapo.

Wahida alipopata habari alishuka kwangu analia. Nusra alikuwa jikoni ananisaidia kukunja sambusa.

"Nusra, ukenda Riyadh mimi nshakwisha," alisema. "Baba kanambia, huna wa kufuatana naye, huna chuo. Ntakaa ndani nioshe vyombo mpaka waje kunichumbia."

"Si utafute mwenzio mwengine?" nilimwambia.

"Nani, Mama Mselem? Nani atayenivumilia mimi kama Nusra?"

Akacheka katikati ya kilio chake, na Nusra naye akacheka. Nilijua hapohapo kwamba mtoto ameshanaswa. Nusra alifuta mikono yake ya unga, akasema hapa Jeddah kuna chuo cha wasichana kinafundisha kazi za maabara, na njia yake Nahashon anaijua. Watasoma maabara, wote wawili.

"Usikimbilie, mwanangu," nilimwambia mbele ya Wahida. "Hili ni lako."

"Maabara nayo ni kuwasaidia wagonjwa, Mama Mselem."

Wahida akamrukia shingoni. Akaapa jina la Mungu, jikoni kwangu, kwamba atakuwa naye kwenye gari lile mpaka siku ya kuvaa joho. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Nusra akampigia shangazi yake kumwambia haji. Shangazi alisikitika, akasema chumba atakiacha kama kilivyo.

Mwaka uliofuata Nusra alikuwa na kazi mbili, kusoma na kumsomesha Wahida, maana alama za Wahida hazikufika hata hicho chuo cha maabara. Kila alasiri walikuwa mezani kwangu, kwa sababu kwao kuna kelele. Hesabu, fizikia, kemia, Nusra anaeleza mara tatu na Wahida anapaka rangi kucha. Lakini alishika, nisimdhulumu. Matokeo yalipotoka, Wahida alipasi hata mama yake akapiga vigelegele ngazini, na sote tukatoka milangoni tukajibu. Wakaomba chuo kupitia kompyuta ya mwanangu Mselem, wamekaa bega kwa bega, wakacheka sana siku hiyo. Alichokifanya Wahida baadaye huko juu kwao, na simu yake, hatukukijua.

Nusra akakubaliwa maabara. Wahida akasema na yeye amekubaliwa, na sisi tukamwamini. Wiki moja kabla ya masomo, baba yake Wahida akaja kuomba gari na Nahashon jioni moja, akisema ana mgeni wa kumpeleka uwanja wa ndege. Baba yake Nusra akampa funguo na kumwambia ampe mgeni salamu zake.

Asubuhi yake Nusra alishuka kumwambia Nahashon saa ya kuja Jumapili, siku ya kwanza ya chuo.

"Wewe na nani?" Nahashon akauliza.

"Mimi na Wahida. Nani tena?"

Nahashon akazima gari. "Lakini huyo Wahida nilimpeleka airport jana na babake. Walikuwa na masanduku mawili. Aliniambia anaenda kusoma Riyadh, nikadhani nyinyi mnajua."

Nilikuwa mlangoni kwangu. Nusra hakulia, alikaa kwenye ngazi. Mimi nilipanda juu mbio, na miguu yangu hii, nikabisha kwa akina Wahida mpaka mkono ukaniuma. Walikuwemo, nilisikia televisheni. Hawakufungua.

Mchana Nusra akampigia shangazi yake. Shangazi alipokea kwa furaha, hana habari. Alisema Wahida amefika salama, amekaribishwa kwenye kile chumba, na mama yake alikuwa amepiga simu tangu zamani kueleza kwamba Nusra mwenyewe ndiye anayemtuma Wahida badala yake. Sasa mtoto wa Kiunguja ametumwa na binti wa kaka yako, utamkataa vipi? Kwetu hakuna anayemrudisha mtu kama huyo mlangoni. Mama yule alilijua hilo, na ndipo alipopitia.

"Na masomo ni yaleyale uliyokuwa ukiyataka wewe," shangazi akaendelea. "Ati kwenye usaili wa simu walimuuliza kwa nini anapenda kazi hii, akawaambia bibi yake kakatwa mguu. Nikashangaa, bibi yake si alikufa miaka mingi? Nusra? Unanisikia?"

Nusra alikuwa ameshanipa mimi simu.

Jioni Wahida aliandika. Nusra alinionyesha, na mimi maneno yale nimeyashika mpaka leo: "Usinichukie, dada yangu. Wewe una akili, wewe utapata tu popote." Ametiwa moyo kwa kisu, mtoto wa watu. Nusra akaniuliza, "Mama Mselem, alikuwa akinichezea shere tangu siku ya sambusa, au alibadilika baadaye?" Naona swali hilo ndilo lililomla kuliko chumba na chuo.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa linakuja. Baba yake Nusra alikasirika, alimtukana baba yake Wahida ngazini, watu wote wakasikia. Kisha akapoa, na alipopoa akarudi kwenye sharti lake. "Binti yangu peke yake garini na dereva, mafi, hakuna," alisema. "Apatikane msichana wa pili, kama hapana, halas, basi, akae nyumbani mwaka huu." Mkewe alimlilia. Mkewe mwenyewe hawezi kufuatana naye, ana mama mkwe wa mguu mmoja ndani, na mimi miguu yangu haiwezi safari ya kila siku. Na mwaka mmoja ndani ya nyumba kwa msichana wa kwetu unajua unavyokwisha, anakuja mchumba na mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo mtoto aliyeacha alichokitaka ili mwenzake asome, sasa yeye ndiye asiye na pa kusoma. Nilikuwa na hasira.

Nikatafuta. Nilizipigia simu nyumba zote za watu wetu ninazozijua, mpaka nikampata mama mmoja wa Kiunguja anayekaa Al-Hamra, kwenye majumba ya kifahari kule, ambaye binti yake amekubaliwa chuo kilekile na dereva wao amerudi kwao. Nilifurahi nikapiga kofi meza. Ijumaa baada ya sala nikamvika Nusra abaya yake mpya, Nahashon akatupeleka sisi wawili.

Mama yule alitupokea vizuri. Sebule kubwa, halua, kahawa. Lakini alikuwa akimtazama Nusra kuanzia miguuni, na kahawa ya kwanza ilipokwisha akasema lake.

"Nimesikia habari zako, mwanangu. Mama yake Wahida ni mtu wangu. Kanambia mlipatana kufuatana, kisha wewe ukamwacha mwenzio kwenye mataa, mpaka ikabidi maskini akimbilie Riyadh."

Damu ilinipanda kichwani. Nilivuta pumzi nianze tangu sambusa mpaka uwanja wa ndege, na nisingebakisha kitu. Nusra akanishika paja chini ya abaya, akanifinya kwa kucha zake zote. Nikamtazama. Alikuwa ameshaona kile ambacho mimi kwa hasira zangu sikukiona: tukianza kubishana na mtu huyu juu ya rafiki yake, tutashinda maneno na tutaondoka bila ya msichana wa pili, na kesho kutwa ndiyo Jumapili.

"Mimi ninaye huyu mmoja tu," mama yule akaendelea. "Ukimfanyia hivyo na yeye, baba yake atamtoa chuoni. Nataka nisikie kwa mdomo wako mwenyewe."

Nusra aliweka kikombe chini, taratibu. Akainamisha kichwa.

"Nimekosa, mama," alisema. "Sitarudia."

Mama yule akaridhika. Akasema hakuna asiyekosea, ni utoto tu, kisha akamwita binti yake aje sebuleni amsalimie mwenzake wa garini.