Ufunguo Ambao Docta Aline Aliniomba

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijavaa hata bluzi nyeupe, Docta Direkteri wa hospitali yetu hapa Goma alinitia ufunguo mkononi. Ulikuwa wa kabati ya dawa za kulalisha wagonjwa wa upasuaji. "Hakuna operesheni, hakuna ufunguo," alisema. "Hata mimi nikiuomba, unikatalie." Nikaufunga kamba, nikauvaa shingoni. Kazi yangu ilikuwa anestezi: daktari anapasua, mimi namlalisha mgonjwa na kuhakikisha anaamka. Wakaniita Mama Anestezi, jina likabaki.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Katindo, magoti yananiuma. Ninyi stajiere, wanafunzi wa udaktari, mnafikiri tuliogopa damu. Wapi! Mimi niliogopa daktari akianza kunyamaza.

Asubuhi tulipita kitanda kwa kitanda, na stajiere alimweleza Direkteri hali ya kila mgonjwa. Aliyekosea alichekwa palepale. Aliyelia aliambiwa, "Muganga halie. Wewe ukilia, mugonjwa afanye nini?" Basi wakajifunza kuficha. Ile huzuni nzito inayomnyima mtu usingizi na hamu ya kuishi tuliita ugonjwa kwa wengine. Kwetu sisi tuliita uvivu.

Docta Aline, binti wa Rutshuru, alianza kwetu kama stajiere, akabaki kuwa daktari. Alikuwa mcheshi huyo! "Mama Anestezi, unilalishe na mimi, hata saa moja tu!" Tulicheka. Kisha vita vikasogea, majeruhi wakajaa hadi kwenye korido, naye akapasua wiki baada ya wiki. Utani ukaisha. Sahani yake ya sombe ilirudi haijaguswa. Nikimuuliza, anajibu, "Niko sawa, Mama," bila kunitazama.

Mchana mmoja, chumba cha operesheni kikiwa kitupu, alikuja akanyoosha mkono.

"Mama, nipe ufunguo."

"Kuna mugonjwa gani?"

"Hakuna. Nipe tu."

Nilitaka kukimbia kuita watu, lakini niliogopa kumwacha peke yake. Nikamuuliza wazi: "Aline, mutoto wangu, unataka kufa?"

Akaketi sakafuni. "Ndiyo, Mama. Nimechoka. Lakini usimwambie Direkteri."

"Nitamwambia. Unichukie tu, lakini uwe muzima."

Nikamshika mkono, tukaenda wote kwa Direkteri, nikamweleza. Direkteri alivua miwani, akaifuta. "Tutasema ni malaria," alisema. "Watu wakijua, nani atakubali apasuliwe na yeye?"

Hasira zikanipanda. "Sema malaria ukitaka, Docta, lakini daktari wa magonjwa ya akili aitwe leo hii!"

Akaitwa, na Aline akalazwa. Kwetu kila mgonjwa ana gardemalade, yaani ndugu wa kumpikia na kulala karibu naye. Ndugu za Aline hawakuweza kupita, barabara ilikuwa imefungwa kule Kibati. Nikaleta mkeka wangu, nikawa gardemalade wake. Akijigeuza kidogo tu, nashtuka. Msalani nilikwenda mbio. Jamani, hofu ile sikuipata hata mabomu yalipoanguka.

Alipata nafuu polepole. Alirudi kazini akiendelea na matibabu, nami sikuacha kumuuliza lile swali, tukiwa wawili, kila nilipomwona ananyamaza.

Siku ya kuniaga walikusanyika wote. Direkteri mpya akaniambia nimkabidhi ufunguo Docta Aline, ambaye sasa ni mkuu wa upasuaji. Nikauvua shingoni, lakini vidole havikutaka kuuachia. Niliona aibu. Aline aliona, akausukuma mkono wangu nyuma taratibu, ufunguo ukiwa bado ndani.

"Mupe mwingine, Mama. Mimi bado niko na siku mubaya."

Nyuma kabisa, stajiere mmoja aliinamisha kichwa.

"Na lile swali lako," Aline akaendelea, "uniulize hapa hapa, wasikie."

Nikamuuliza kama anataka kufa.

"Leo hapana, Mama."

Nikamkabidhi mwenzangu wa anestezi ufunguo, nikala keki, nikapewa vitenge. Nilipofika kwenye lango nikasikia mtu ananifuata. Alikuwa yule stajiere aliyeinamisha kichwa.

"Mama," alisema, "na mimi uniulize."

Nikaweka vitenge chini.