Maziwa Ambayo Sikuyaandika

Kuna asubuhi moja ya kule Karuba, kijijini kwetu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mwili unanisisimka. Umesema wamekupa ukubwa wa ofisi huko Walikale, na kwamba utaanza kwa kupima kazi ya kila mtu. Basi keti kwanza.

Nilikuwa kijana, nimetoka Goma na diploma yangu, wakanipa kuongoza ushirika wetu wa jibini. Kichwa kilinivimba. Wiki ya kwanza tu nilibandika ukutani karatasi yenye majina ya wakusanyaji sita, wale wanaopanda vilima kuchukua maziwa kwa wafugaji, na lita alizoleta kila mmoja. Wa kwanza nilimpa buti mpya. Wa mwisho nilimsimamisha mbele ya wenzake aonekane.

Wa mwisho alikuwa Mama Sifa, kila wiki. Yeye alinusa kila bidoni, yaani dumu la maziwa, akauliza kama ng'ombe amechomwa sindano, maana dawa huharibu jibini, na akiwa na shaka aliyakataa maziwa palepale, hata yawe ya shemeji yake. Hayo sikuyajua, kwa kuwa sikuwahi kupanda naye kilima hata kimoja.

Mwezi wa tatu nikamwondoa kazini mbele ya wenzake. Hakulia, hakugomba. Aliniuliza tu: "Mukubwa, uliandika maziwa yenye nilileta. Yenye nilikatala, uliandika wapi?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na naona haya kukuambia.

Wiki chache baadaye, asubuhi hiyo ninayokuambia, nilifungua chumba cha kuhifadhia jibini, nikapigwa na butwaa. Rafu zote, juu hadi chini, jibini zimevimba, zimepasuka, zinanuka uozo. Ilikuwa jasho la familia zote za vilima vile, na wanunuzi walikuwa njiani kutoka Goma. Nikakaa sakafuni.

Papa Bahati, yule wa buti, alisimama mlangoni akitazama chini. "Siye wote tulijua maziwa iko mubaya," akasema. "Lakini ukikatala maziwa, jina yako inashuka kwa ukuta. Nani angetaka kufukuzwa kama Mama Sifa?"

Hapo ndipo nilishtuka kweli, kuliko kwa zile jibini. Watu watano walinisalimia kila asubuhi, wakamimina maziwa mabaya, wakanyamaza. Na aliyewafundisha kunyamaza ni mimi.

Nilipanda kwa Mama Sifa, nikamkuta akivuna maharagwe, nikamwomba msamaha. Akasema: "Nitarudi. Lakini utoe ile karatasi, na kesho unifwate kwa milima."

Kesho yake nyumba ya tatu tuliyofika ilikuwa ya mama yangu mzazi. Mama Sifa akanusa bidoni, akauliza habari za sindano, akayakataa maziwa. Mama akanigeukia mimi, mtoto wake, kiongozi wa ushirika. Nikamwambia, "Mama, neno ni lake." Hakunisemesha hadi Pasaka.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujabandika jina la mtu ukutani, tembea naye kazini kwake kutwa nzima. Ukimwona analeta kidogo, muulize amekataa nini. Na anayekuletea habari mbaya mapema, mshukuru mbele ya wote, maana siku watu wako watakapokuogopa, utakuwa wa mwisho kujua kilichooza.

Nenda salama. Mungu akupe masikio kabla ya kukuongezea cheo, na akupe watu wasiokuogopa.