Jiwe Lisilo na Karatasi

Laiti ningesema hapana siku ile kwa chifu, nisingekuwa na kisa hiki. Ni cha kweli, kilinipata mimi mwenyewe. Ukiniona mwongo, achia hapo.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Nilikuwa nimetoka sekondari juzi tu, natafuta kazi, na Mzungu mmoja mtaalamu wa miamba alitaka mtu wa kumwandikia. Chifu akanipa pasi ya kupita msituni, kwa sharti moja. "Ukikutana na mtu huko juu, humjui. Hata awe nani." Kijiji chetu kizima cha Karurumo kilijua kaka yangu Njeru yuko msituni na wapiganaji.

Nikajibu, "Ndiyo, mzee."

Tulipanda mwezi wa saba, wakati wa baridi. Tukaupita msitu, tukatembea juu ya mgongo wa mlima, na ukungu ukatufunga hivi kwamba hata saa sita mchana sikuona buti zangu. Mzungu alivunja mawe kwa nyundo. Mimi niliandika kwenye karatasi kila jiwe limetoka wapi, nikalifunga nayo, nikalitia guniani. Mawe mengine ya kule hulia kama kengele yakigongwa. Yeye alifurahi kama mtoto, lakini mimi niliyazoea. Tulipokuwa tukichunga mbuzi, Njeru na mimi tuliitana kwa mawe ya namna hiyo: mbili, kimya, moja. Hakuna mwingine aliyeujua mlio huo.

Mzungu akagonga mara moja. Ukungu ukajibu: mbili, kimya, moja.

"Mlima najibu tu," Mzungu akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akaendelea mbele.

Mwangwi gani huo, unapewa moja unarudisha tatu? Niligeuka, nikamwona Njeru ameketi juu ya rundo la mawe. Manyunyu yalikuwa yamenilowesha hadi mifupani. Blanketi lake lilikuwa kavu.

"Muru wa maitu!" akaniita, mwana wa mama yangu, huku akicheka. "Siku hizi unavaa buti! Na huyo tajiri wako, amekosa ng'ombe ndio anachunga mawe?"

Nilitaka kucheka. Nikamkumbuka chifu.

"Niandike na mimi," akasema. "Andika niko hapa. Mama atakuuliza."

"Sikujui," nikamwambia.

Hakukasirika. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Wewe nasema na nani?" Mzungu akaita.

"Hakuna mtu, Bwana."

Nilipotazama tena, palikuwa na rundo peke yake, urefu wa mtu aliyelala. Niamini, nililiona vizuri. Na bado nikaondoka bila kuandika neno.

Jioni kambini tulimwaga gunia. Jiwe moja halikuwa na karatasi, na lilikuwa kavu kati ya mawe yaliyoloa.

"Hii natoka wapi?"

"Sijui, Bwana."

"Kama hapana jua natoka wapi, hii takataka." Akalitupa korongoni.

Vita vilipokwisha, mmoja wa wenzake Njeru alitoka msituni akaja kwetu. Alisema Njeru alikufa kwa baridi juu ya mgongo ule, nao wakamfunika kwa mawe. Mwezi gani? Wa tano, akasema, kwenye mvua kubwa. Mimi nilimkuta wa saba. Labda yule mtu alikosea mwezi. Labda ni mimi. Nimezeeka nikilifikiria jambo hili na sijalielewa.

"Si wewe ulitembea huko na Mzungu?" mama akaniuliza. "Nipeleke."

Nilipanda mara nne kutafuta. Migongo yote inafanana. Niligonga mawe, yakalia, hakuna aliyejibu. Sikuthubutu kumwambia mama kwamba mwanawe aliniomba nimwandike.

Wewe unayesoma, mtu wako akikuita, mwitikie, hata kama hujui ni mzima au ni mfu. Mimi nilimkana ndugu yangu ili nisipoteze kazi, na mama alikufa akiutazama mlima, asijue amlilie mwanawe upande gani.