Tulifukuza Treni Sababu ya Mbogo

Muzee yangu, baba ya watoto wangu, zamani alikuwa anatia kuni mu moto ya treni ya moshi, kule ng'ambo ya Lualaba. Hiyo kazi ilimuachia vitu mbili: mugongo mubaya, na hadisi ya mbogo. Mugongo unamuuma yeye wakati wa mvua. Hadisi inatuuma sisi wote kila siku.

Anasema mbogo alitoka mu majani, akapiga treni yao na kichwa, ku upande wa kuume, chini ya dirisha ya dereva. Mbogo akakufa, chuma ikabonyea, na ile alama ikabakia. Wakati alikuja kunioa, mbogo alikuwa wa kiasi, mutu aliweza kumuamini. Tulipozaa mutoto wa tatu, alisha kupata pembe za kufika ku paa. Leo iko mukubwa kama kanisa. Mi nasema tu, Mungu anakuza vyote, hata mbogo wenye walisha kufa.

Wanaume wenye wanakaa naye pa barza walianza kumucheka. "Muzee, leo mbogo wako amelala wapi?" Yeye anaangalia miguu yake. Sasa, miye kumucheka ni haki yangu, nilimupikia maisha yote. Lakini wao, nani aliwapa ruhusa?

Basi, juzi juzi hapa, watu fulani wa mbali, wenye pesa na hawana shamba ya kulima, walitengeneza machini moja ya zamani, ile ya moshi ya kuvuta treni, wakaipandisha mpaka Kindu kwa furaha tu. Kwa furaha! Sisi tunaomba barabara, wao wanatuletea moshi. Mutu wa baiskeli njo alileta habari ku soko: imepita, na itarudi. Muzee akamuuliza namba yenye iliandikwa mbele ya ile machini. Yule mutu akaitaja. Muzee akasimama. Bila fimbo! Mi na fimbo tukaangaliana.

"Njo yenyewe, machini yetu ya mbogo," akasema. "Mama, uende. Uniletee foto ya upande wa kuume. Kama alama haiko, mi nitanyamaza mpaka siku ya kuzikwa."

Kunyamaza, yeye! Mawazo ilinijia, sitaficha: nibakie tu hapa nimenye muhogo wangu, nyumba ipate kimya. Lakini niliona vile alikuwa bado anasimama bila fimbo. Nikavaa pagne ya sikukuu, nikafunga kitambaa ya kichwa, ile kubwa yenye nilivaa ku ndoa ya binti yangu. Mutu haendi ku foto kama anaenda kuchota maji.

Motard wetu, mwenye pikipiki yenye tunaita moto, siku za kazi anabeba watu, siku za ndoa anapiga foto na telefone yake. Ananiita koko, kama vile nilizaa mama yake, na anaendesha kama vile anataka mama yake abakie yatima.

"Koko, shika nguvu!"

"Nishike nini? Kwa moto yako, kitu ya kushika ni weye tu, na weye unateleza."

Pa mutoni tuliilaza moto mu mutumbwi kama mugonjwa, miye nikakaa wima kama mukubwa wa serikali. Ng'ambo njia ni shimo, halafu shimo ingine yenye inaisalimia ya kwanza. Tukatokea ku reli. Tulikuta nini? Moshi juu ya miti, na mbuzi wanarudi kulala ku reli yao.

"Imepita!" motard akalia.

Tukaifukuza. Usicheke. Kufukuza treni ya kwetu si kazi ya ajabu: reli imezeeka, na treni inatembea kama bibi arusi. Lakini njia yetu pia imezeeka! Tunaiona, tunaipoteza mu majani, tunaisikia inalia kule mbele. Mi nikapiga kelele, "Ungoje, weye! Hata mwenye kunioa hakunikimbiza hivi!"

Tukaikuta pa kamuto, ule muto mudogo, inamaliza kunywa maji. Tukavuka reli, tukaenda upande wa kuume. Pale walikuwa wazungu na machini zao za foto, za shingo ndefu. Wakaanza kunipungia mikono. Miye nikawapungia pia. Watu wa adabu, nikasema.

"Koko, hawakusalimii. Wanasema utoke, unaharibu foto."

"Foto bila mutu ni foto ya nini? Uwaambie miye nimevaa. Wao wamekuja na kaptura."

Treni ikapiga filimbi. Motard akapiga kelele kuipita: "Koko, simama hapo! Dirisha iko nyuma yako! Uniangalie miye! Usicheke! Batri inakufa!"

Na kwetu foto ni hivi: unageuzia uso yako mwenye kupiga, miguu pamoja, mikono pa tumbo, unakuwa kama mutu anasomewa hukumu. Nikafanya hivyo. Nyuma yangu nilisikia joto ku shingo, kama wamefungua jiko ya mukate, na harufu ya mafuta, na mugurudumu unaanza kulalamika. Nikawaza, apige kwanza, halafu nitageuka, nitaangalia vizuri. Akapiga. Nikageuka. Ile machini ikatoa mvuke, pshiii, dunia yote ikawa nyeupe. Ilipokwisha, niliona tu vagon ya mwisho, inanipa mugongo.

"Uliona alama?"

"Mi nilikuwa ninaangalia kama macho yako iko wazi, koko."

Wazungu wakapanda gari yao, wakaifuata bila kuaga. Kule kwao sasa, mu foto zao zote, kichwa yangu iko. Wanisalimie watu wa kwao.

Motard alitoa foto ku karatasi pale sokoni Kasongo. Muzee akavaa miwani pa barza, mbele ya wote. Foto nzuri! Bomba ya moshi iko, magurudumu iko, dirisha iko. Na chini ya dirisha, pale pale, kitambaa yangu. Yote. Kama mulima. Macho iko wazi, siwezi kukataa.

Wote wakainama ku foto. Nikajua, leo mbogo atakufa mara ya pili.

Muzee akapanguza miwani, akarudisha. "Munaona? Alama iko hapa. Nyuma ya kitambaa ya mama."

"Kweli," mumoja akasema. "Kama haiko, mama angeifunika sababu gani?"

"Wivu," mwengine akajibu.

"Wivu ya mbogo?" mi nikauliza. Hakuna mwenye alinisikia. Walikuwa wanamuletea muzee kiti yenye mugongo.

Sasa foto iko ku ukuta. Mugeni akiingia, muzee anaweka kidole ku kichwa yangu: "Hapa." Na mu hadisi mbogo hatembei tena peke yake, amepata ndugu, leo wako wawili.

Jana tulikuwa wawili tu, tunamenya karanga. Nikamuuliza pole pole, "Baba, uniambie kweli. Ule mbogo alikuwako?"

Akatia karanga mu kinywa, akatafuna kwanza.

"Weye njo ulifika pale, mama. Uniambie weye."