Siku Abu Fahad Alipojikuna Pua

Ngozi iliyopashwa moto ikipakwa samli hutoa harufu isiyojua kama ni ya jikoni au ya zizini. Juma lililopita nilimpelekea fundi viatu wa hapa Machakos glovu yangu kuukuu, akaipaka samli kwa kidole gumba kama nilivyomwagiza, na ile harufu ikanikamata shingo na kunirudisha Jeddah papo hapo, bila pasipoti. Fundi mwenyewe alikuwa ameigeuzageuza mara elfu moja.

"Dada," akaniuliza mwishowe, "hiki ni kiatu cha mnyama gani?"

Nikamwambia ni kiatu cha mkono. Akanitazama kama mtu wa kuombewa. Basi wewe ngoja nikueleze vizuri, maana fundi alikuwa na foleni na wewe huna.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa dereva na mama mpishi katika nyumba ya mzee Abu Fahad, mtaa wa Al-Safa. Zilikuwa zile siku ambazo maajenti wa Nairobi walikuwa wakipakia watu kwenda Saudia kama magunia ya viazi, na wazazi wangu walichukuliwa kwa mpigo mmoja, mume na mke. Mimi nilikwenda kama gurudumu la akiba. Abu Fahad, kafili wetu, yaani mdhamini, alikubali niingizwe kwenye ikama ya baba, kibali chake cha ukaazi, kwa sababu, alisema, nyumba isiyo na mtoto wa kuvunja vikombe haina baraka. Baraka hizo nilimletea, seti nzima.

Mlinzi wa geti alikuwa Kocha Muriungi, Mmeru mwenye mabega mapana kama mlango wa benki. Huko kwao alikuwa amefundisha besiboli katika chuo cha ualimu kwa miaka ishirini na ushee. Naam, besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anatimua mbio kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi alikoanzia, pale panapoitwa nyumbani. Akifika salama, pointi. Kocha aliamini Mungu aliutunga mchezo huo siku ya saba, alipokuwa amepumzika vizuri. Kisha chuo kikajenga mabweni juu ya uwanja wake, na ajenti akamwahidi kazi ya mwalimu wa michezo Jeddah. Akaja na gunia la glovu na magongo mawili. Akakabidhiwa geti na kiti cha plastiki.

"Wamenipa timu ya mchezaji mmoja," alikuwa akisema huku akilipiga lile geti kofi, "na hata kukimbia halikimbii."

Lakini hakununa. Mama alisema Mmeru asiyekasirika ni wa kuwekwa makumbusho. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanja kitupu, mawe na vumbi, na kila Ijumaa baada ya alasiri Kocha alikusanya hapo madereva na walinzi wa Al-Safa, na wapakuzi wa mizigo waliokuja kutoka Karantina. Watu wazima wale walikuwa wakiukimbia mpira badala ya kuukimbilia! Mimi niliingia timuni kwa sababu kila Ijumaa mchezaji wa tisa alikuwa zamu kazini, na kwa sababu mbio zangu zilikuwa za kumwacha swala akiomba maji. Glovu zilipokauka kwa joto, mama aliiba kijiko cha samli ya bosi. Ndiyo maana timu yetu ilinukia kama mkate wa moto.

Uwanjani Kocha hakupiga kelele. Alizungumza kwa mikono. Akigusa ukingo wa kofia kisha pua, kimbia. Kofia kisha sikio, kaa ulipo. Ile kofia ndiyo iliyokuwa ufunguo: kama hajaigusa kwanza, alilofanya baadaye lilikuwa kati yake na ngozi yake. "Ishara bila ufunguo," alitufundisha, "ni kujikuna tu." Na kulikuwa na moja ya mwisho, kupangusa kifua kwa kiganja, kutoka bega hadi bega. Hiyo iliitwa futa. Yote niliyokuambia, yafute.

Ishara zile zilituingia mpaka tukawa tunazitumia jikoni. Mama akiniona nanyemelea sambusa za wageni, hagombi. Anagusa kilemba, anagusa sikio. Nakaa nilipo.

Tatizo letu lilikuwa Wafilipino wa gereji. Vijana wembamba, wapole, wenye tabasamu, na kila Ijumaa walitupiga mpaka paka wa mtaani wakageuza nyuso kwa aibu. Hatukuwa tumewashinda hata mara moja, na mkataba wa Kocha ulikuwa umekwisha. Jumapili angepanda ndege. Ijumaa ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

"Chuoni nilirudi nyumbani na vikombe mpaka mke wangu akavipandia maua," alimwambia baba. "Kutoka hapa nirudi na nini? Blanketi?"

Baba alicheka, lakini mimi sikucheka. Usiku ule niliahidi mbele ya mto wangu kwamba Kocha atarudi na ushindi, hata kama ni mimi nitakayembebea hadi ndegeni.

Ijumaa ikafika, na balaa lake. Wakwe watarajiwa wa Fahad, mtoto mkubwa wa bosi, walikuwa wanakuja, kwa hiyo mlinzi haondoki getini. "Leo mafi mpira," Abu Fahad akatangaza, yaani hakuna. "Halas."

Kocha hakubishana. Alikiburuta kiti chake hadi ukingoni mwa barabara, akakielekeza kiwanjani, akakaa. Akatufundisha mechi nzima kutoka ng'ambo, kofia, pua, sikio, magari yakipita katikati. Abu Fahad alichungulia dirishani, akamwona mlinzi wake akijishikashika bila kupumzika, akaingiwa na huruma. Akamtuma mama ampelekee dawa ya kuwashwa. Kocha aliipokea kwa heshima zote, akajipaka.

Sijui tulikula nini siku ile. Hata wale wapakuzi walidaka mipira! Jua likaanza kuzama tukiwa sare, na ikiadhiniwa magharibi mechi imekwisha, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mimi nilikuwa kituo cha tatu, hatua chache tu kufika nyumbani. Baba alikuwa ameshika gongo, jasho linamtiririka kama bomba la manispaa. Nikageuza macho kwenye kiti.

Sasa sikiliza. Sekunde ile gari la wageni lilipiga honi, na Kocha akaenda kufungua geti. Abu Fahad, aliyekuwa ametoka kuwapokea, akaona kiti kitupu, akakikalia. Mimi hayo sikuyaona. Jua lilikuwa nyuma yao na nilichoona ni kivuli cha mtu kitini. Kivuli kikarekebisha kitu kichwani. Kisha kikagusa pua.

Nikachomoka. Mrushaji wao, Jun, alikuwa akijipangusa jasho kwa mkono wenye mpira. Aliponiona alishtuka, akaurusha juu ya kichwa cha mdakaji wake, ukaenda kuangukia Makka, nadhani. Niliteleza kwa tumbo hadi nyumbani na kumeza vumbi la kutosha kujengea kibanda. Kabla sijatema, adhana ikaanza.

Tulishinda! Baba alinirusha juu kama chapati. Ng'ambo ya barabara Kocha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwende! Nani amekwambia ukimbie?"

"Wewe!"

"Mimi nilikuwa getini!"

Sote tukageukia kiti. Abu Fahad alikuwa bado amekaa pale, anasawazisha ukanda mweusi wa kilemba chake na kujikuna pua kwa raha zake. Kocha alicheka mpaka akakaa chini kando ya gari la wageni. Baba alipomweleza bosi alichokifanya, mzee aliinuka, akajipiga kifua mbele ya wakwe na kutangaza, "Ana mudarrib!" Yaani kocha ni yeye. Nasikia posa ilikubaliwa kabla kahawa haijamiminwa.

Baadaye, nikinawa kwenye bomba la uani, Kocha alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Umekimbia vizuri sana, mama. Mimi ningekwambia ukae."

Nikatabasamu kwa meno yote.

"Lakini niambie. Mpira ulikuwa wapi?"

Nilifikiri. "Sijui, Kocha. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Haya," akasema, akanipangusa vumbi kwenye nyusi.

Jumapili aliniachia glovu na amri moja, samli tu, mafuta mengine ni matusi. Baba alipowasha gari kumpeleka uwanja wa ndege, Kocha aliteremsha kioo. Akagusa kofia, akagusa pua, sikio, kidevu, haraka haraka kama anayesema mambo mia. Halafu akapangusa kifua, bega hadi bega. Nililia kwa hasira. Amefuta! Hata kwaheri ameifuta! Baba aliporudi nikamuuliza, akasema, "Ah, lilikuwa vumbi tu."

Baadaye baba na mama walihamia Riyadh, na wako huko mpaka leo. Mimi nilirudishwa kwa shangazi, shule ikanishinda kidato cha pili, na kuanzia hapo kila mtu alikuwa na kiti chake cha plastiki. Baba alipiga simu kutoka Riyadh: njoo, kuna madam anatafuta msichana. Shangazi akasema saluni. Mchungaji akasema kwaya. Yeyote aliyejikuna pua, nilikimbia. Nimekimbilia mambo ambayo ukiyasikia utacheka wiki mbili.

Siku moja nikiwa nafagia nywele za watu saluni, nilijiuliza, bila kuulizwa na mtu, mpira uko wapi. Nikajiandikisha shule ya jioni. Hakuna aliyenipa ishara.

Matokeo ya mtihani yalipotoka nilimpigia Kocha, huko Meru. Sauti yake imezeeka, inakwaruza kama geti lile. Hakuniuliza alama.

"Mpira ulikuwa wapi, Mwende?"

"Nilikuwa nautazama, Kocha. Safari hii nilikuwa nautazama wenyewe."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani. Kisha mkewe akaichukua simu, anacheka.

"Wewe mtoto, umemwambia nini mzee wangu? Amesimama hapa anajipangusa kifua, na shati halina hata vumbi."