Kisu cha Krismasi

Sina subira na watu wanyonge. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanihurumia. Nilikuja Mtwara kutoka Iringa kubeba magunia ya korosho bandarini, na mgongo wangu ndio uliosomesha wanangu. Kanisani walinichagua mzee wa kanisa, nadhani kwa sababu ya sauti na mabega.

Mtaani kwetu Chuno majirani wengi ni Waislamu, na Mkristo mwenye akili hachinji mwenyewe mbuzi wa Krismasi. Humwita jirani Mwislamu achinje, ndipo mtaa mzima uje kula. Mchinjaji wetu alikuwa mzee wa nyumba ya pili, mkulima wa korosho aliyehamia mjini miguu ilipochoka. Mke wangu aliposhikwa na uchungu nikiwa kazini, mkewe ndiye aliyempokea mtoto. Kila Krismasi mzee alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti. Hakutaka ujira. Alisema hiyo ndiyo Idi yake ya tatu.

Mwaka ninaousimulia kiharusi kilikuwa kimempiga upande mmoja. Mkewe alitudokeza kwamba tangu augue haongei sana, anahesabu tu siku za kufika Krismasi, aone kama bado anafaa kitu. Kwa hiyo nilijua. Sikukosea kwa kutojua.

Asubuhi kanisani nilitoa neno. Nilizungumzia nguvu za Mungu zilizolazwa kwenye hori la ng'ombe, na ushujaa wa kukubali kuwa mdogo. Watu waliitikia amina hadi mabati yakavuma. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, nikiwa na wageni wawili, wakubwa zangu wa bandarini.

Mzee alikuwa uani tayari. Wanangu walimlaza mbuzi, wakamwelekeza kibla. Mzee akainama, kisu kikatetemeka, akainuka. Akainama tena. Mgeni mmoja akacheka puani.

"Nkono unanitania, mwanangu," mzee aliniambia. "Nipe muda kidogo."

Nikamnyang'anya kisu.

"Mzee, sikukuu siyo wodi," nilisema. Wageni wakacheka, na kicheko chao kikaninogea. "Wewe soma bismillahi kwa sauti, mimi nikate. Si kitu kilekile?"

Nilidhani kweli ni kilekile. Miaka yote nilimwona ananong'ona, kisha anakata, nikaelewa kuwa ni kazi mbili zinazogawanyika, kama kuli mmoja anavyomtwika mwenzake gunia. Mzee hakusoma chochote. Alinitazama tu. Nikakata. Aliokota gazeti lake, akalikunja vizuri, akaenda zake.

Saa nane mchana pilau ilikuwa tayari na viti vya kukodi vilikuwa vitupu, ukiwaondoa wale wageni na watu wachache wa kanisani. Hakuna aliyetugombeza. Majirani walitutakia sikukuu njema kutoka barazani kwao, wakabaki hukohuko. Mke wangu alikaa karibu na sufuria akilia, akisingizia moshi.

Ndipo mzee akaja, na kanzu ileile. Mkono mzima ulishika sahani ya mihogo ya kuchemsha iliyotoka kwake. Akaketi mbele yangu, mtaa mzima ukimwona, akala mihogo yake nami nikala nyama yangu. Kipande kilimwanguka mara mbili, akakiokota. Aliniuliza kama mvua zimeanza Iringa. Majirani walipoona ameketi, wakaanza kuja mmoja mmoja, wakanywa soda, wakazungumza na mke wangu mpaka akaacha kulia.

Yote niliyohubiri asubuhi yalikuwa yameketi kwenye kiti cha kukodi mbele yangu, na mimi nilikuwa nachokonoa meno. Niliona aibu, na kwangu aibu haikawii kugeuka hasira. Sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba siku ya Idi, nikienda kumsalimia. Alifariki kabla ya Idi.

Krismasi iliyofuata nilinunua mbuzi, nikaenda kwa mjane wake kumwomba atuitie mpwa wa marehemu aje achinje. Nilimwamkia, akanipa kiti, akanimiminia chai, akaulizia wanangu kila mmoja. Nikaeleza shida yangu.

"Mpwa wetu yupo, atakuja," alisema. "Ila aje na kisu gani, mwanangu? Kisu cha nzee kiko kwako tangu siku ile."

Niliweka kikombe chini.

"Alikuwa anakiulizia. Hata siku ile ya mwisho alikiulizia. Nikawa namwambia, subiri, atakileta mwenyewe."

Kilikuwa jikoni kwetu. Mwaka mzima tulikuwa tunakatia vitunguu.