Farasi Waliokwisha Kufa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo mchana wake uligeuzwa usiku kwa mablanketi. Weka hiyo simu yako ya kamari chini, unisikilize. Gari la sinema lilikuwa limefika kwetu Ushirombo, na ili picha ionekane, madirisha yote ya ukumbi wa parokia yakazibwa. Picha yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya zamani, habari za mtu na mbio za farasi.

Siku chache kabla, mwenye gari alibandika tangazo ukutani: farasi wawili, mweusi na mweupe, pua kwa pua. Wanaume kilabuni wakaanza kubishana. Kaka yangu Masanja, aliyebaki kichwa cha nyumba baba alipofariki, akasema atashinda mweusi. Jirani yetu Baba Dotto akasema mweupe. Pombe nayo ikasema yake, wakawekeana maksai, kila mmoja dume lake la kulimia. Maksai mmoja havuti plau, na mvua zilikuwa mlangoni! Nyumba itakayoshindwa ingelala njaa mwaka mzima.

Mama alilia. Masanja akaona kwanza aulize, akakamata kuku, tukaenda kwa mzee Luhende, mfumu wetu, aliyesoma mambo ndani ya kuku. Ndiyo, cheka tu. Tulikwenda kuwapasulia kuku farasi wa Japani.

Mzee alimpasua, akainama kumtazama ndani. Kisha akamfunika yule kuku kwa jani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Hao farasi wameshakimbia," akasema. "Na wameshakufa."

"Babu, si wanakimbia Jumapili?" Masanja akauliza.

"Yaya, hapana, mjukuu wangu. Walikufa zamani. Wewe unataka wafu wakukimbilie, na mfu akikufanyia kazi, lazima umlishe. Mwachie mwenzio ng'ombe wake, naye akuachie wako."

Nywele zilinisimama. Lakini tulipotoka nje Masanja akaniambia, "Kabula, nikirudi nyuma leo, kilabuni nitakaa na nani?" Asiyesikia la mkuu, wee, mwisho wake unaujua.

Ukumbini kulikuwa na giza na joto. Kijapani hatukukielewa hata neno, ila mtu yule tulimwelewa: kila mbio zikianza anafinya kikaratasi cha kamari mkononi, na mkewe nyumbani anazidi kukonda. Mbio za mwisho zilipoanza, vishindo vya kwato vikajaa ukumbi. Ghafla mashine ikazimika, kitambaa cha picha kikawa kitupu. Lakini vishindo viliendelea, mwanangu! Mwenye gari alisimama ameshika waya uliochomoka, anasikiliza kama sisi. Mpaka leo sijapata wa kunieleza.

Picha iliporudi, mweusi alikuwa mbele. Masanja akabebwa juu juu. Baba Dotto alitoka bila kumuaga mtu.

Jioni ile maksai wake akaingia zizini kwetu pamoja na jozi yetu. Alfajiri nilipokwenda kuzoa samadi niliwakuta wote watatu wameloa jasho, povu mdomoni, wanahema. Ardhi ilikuwa imekanyagwa duara. Katikati ya nyayo za ng'ombe kulikuwa na nyayo nyingine, za kwato isiyopasuka. Kwetu hakukuwa na farasi. Hata punda hatukuwa naye.

"Mrudishie Baba Dotto ng'ombe wake, leo hii," mama akamwambia Masanja.

"Mama, mimi nimeshinda. Mshindi harudishi."

Kila asubuhi ikawa hivyo hivyo, jasho na nyayo, na ng'ombe wakibaki mifupa. Kila asubuhi Masanja akasema, kesho nitamrudisha. Mvua ya kwanza ilipopiga, wote watatu walikuwa wamelala ubavu, hawakuamka tena.

Tukashika jembe la mkono. Ng'ambo ya mpaka, Baba Dotto na wanawe nao wameinama vivyo hivyo. Siku moja Masanja alinyoosha mgongo, macho yao yakakutana.

"Shikamoo, Baba Dotto."

"Marahaba, mshindi."

Basi. Akaendelea kulima. Masanja alisimama pale mpaka nikamwonea huruma. Kisha akavuka mpaka, akainama kando ya yule mzee, akalima naye shamba lile mpaka likaisha, ndipo akarudi kwenye letu. Nyayo zile hazikuonekana tena zizini.

Mwanangu, mchuma janga hula na wa kwao. Ukishindwa kamari wako wanalala njaa, ukishinda wa mwenzio wanalala njaa, na njaa ya jirani haikai kwake tu. Ulichokitwaa kwa mchezo, kirudishe kungali mapema, usingoje kesho ya Masanja. Na aibu ya kilabuni isikutishe, ile huisha pamoja na pombe.

Mungu akujalie jozi isiyovunjika, mvua kwa wakati wake, na jirani wa kukuitikia marahaba bila kuongeza neno lile, mshindi.